Vinia nne, moja ya njano, lawama wakaipa chai

Nyota moja. Fundi wa maabara aliyezitengeneza angepata tano, lakini sikumlipa yeye, nililipa kliniki. Ni vinia nne, yaani vigamba vyembamba vya kauri vinavyobandikwa usoni mwa meno, kwenye meno ya mbele ya juu; kauri yenyewe ni lithiamu disiliketi, rangi A2 kwenye kipimo cha rangi za meno. Tatu hazijabadilika hata chembe. Ya nne, ya jino la kati la kushoto, ilianza kuwa njano miezi kadhaa baada ya kubandikwa. Niliporudi, mhudumu wa mapokezi alinijibu kabla hata sijafungua mdomo: "Dada, punguza chai."

Chai! Chai gani hiyo inayochagua jino moja na kuruka matatu ya jirani?

Kauri ambayo glezi yake, yaani tabaka la juu laini linalong'aa, ni nzima hainywi chai. Rangi hukaa juu, ikisuguliwa hutoka. Njano yangu imeenea sawasawa kutoka ufizini hadi kwenye ncha, na haikupungua baada ya kung'arishwa. Doa lisilotoka kwa kung'arishwa liko nyuma ya kauri, na nyuma ya kauri kuna jino na gundi tu. Jino ni zima, halijafa. Imebaki gundi.

Vinia ya nusu milimita ni kama pazia jepesi: kilicho nyuma huonekana. Ndiyo maana hubandikwa kwa gundi ya rezini inayogandishwa na taa peke yake. Ile ya sindano pacha, inayoganda kwa taa na pia kwa kuchanganyika, ina peroksaidi ya benzoili na amini, kemikali za kuigandisha, na amini hiyo huoksidika polepole ikageuka njano. Mahali pake ni chini ya kofia nene ya jino au zirkonia (aina ya kauri ngumu), ambako mwanga haufiki vizuri. Kwangu sindano ya taa iliisha kwenye jino la tatu, daktari akamalizia la nne kwa ile pacha. Niliiona. Ningesema nini na mdomo umejaa pamba?

Kosa la pili ni dogo ila linaudhi. Baada ya kubandika, ile ile vinia ilipunguzwa kwa kichwa cha almasi ili mng'ato ukae sawa, ikaachwa hivyo hivyo. Almasi ikishapita, glezi imekwenda. Inatakiwa kung'arishwa kwa mipira maalumu ya kauri, wa kukwaruza kwanza, wa kati, kisha laini, halafu brashi na pasta ya almasi, mkono mwepesi. Uso ukibaki na mikwaruzo, utando wa meno hushika hapo, na hapo ndipo chai hupata pa kukaa. Halafu wao wenyewe walinipa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, ambayo ikikutana na chai huacha madoa ya kahawia. Kumbe chai ilikuwa na wasaidizi, na wote wametoka kliniki!

Sasa hasira zikipoa kidogo, nakubali kwamba ncha yenye mikwaruzo ina kahawia kidogo ambayo ni ya chai yangu kweli. Na kazi ya kuchagua rangi walimwachia fundi, akaifanya vizuri: mwanga wa dirishani, kabla meno hayajakauka, maana jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kauri haikuchomwa mara nyingi tanurini pia, jambo linalofifisha rangi. Kwa hayo nilikuwa nimepandisha hadi nyota tatu.

Nikarudi kuwaambia dawa yake: vinia hiyo ikatwe itengenezwe nyingine, kwa sababu gundi iliyogeuka rangi haisafishiki. Mpya ijaribiwe kwanza kwa pasta ya majaribio ya rangi ile ile ya gundi. Ndani ipakwe asidi ya haidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, ioshwe vizuri, ikaushwe, kisha sileni, kimiminika kinachounganisha kauri na gundi, dakika moja. Gundi iwe ya taa tu, kila upande sekunde 40, na kingo zifunikwe jeli ya gliserini wakati wa mwisho wa taa, kwa sababu rezini iliyoguswa na hewa haigandi vizuri juu, na baadaye hutoa mstari wa kahawia ufizini. Na kwenye usafishaji wa kawaida wasinipake jeli ya floraidi yenye tindikali ya asilimia 1.23, inakula glezi. Ya sodiamu isiyo na tindikali ipo.

Wakanisikiliza. Wakaingia ndani. Wakatoka na bomba la peroksaidi ya kabamaidi, nikapake nyumbani usiku ili jino "liwe jeupe".

Peroksaidi haipaushi kauri! Haipaushi gundi iliyo nyuma yake pia. Itapausha meno yangu ya pembeni yasiyo na vinia, na hapo hata zile tatu nzuri zitaonekana za njano. Bomba bado lina kifuniko chake. Nyota ni moja.