Vyanzo vya mtandaoni: chini ya kila slaidi au slaidi ya mwisho?

Wanafunzi wa Bagamoyo wanaowasilisha utafiti kuhusu magofu ya Kaole au Mji Mkongwe wa huko huko Bagamoyo hubishana sana juu ya hili: chanzo kiandikwe pale pale kwenye slaidi, au vyote vikusanywe mwishoni?

Kwa uwazi, pale pale hushinda. Ukisema makao makuu ya koloni la Wajerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, msikilizaji anaona papo hapo umeitoa wapi. Picha na ramani ndizo zinazohitaji hili zaidi. Picha ya Boma la zamani isiyo na jina la mpigaji wala tovuti ni mali ya mtu uliyoichukua kimyakimya, na mimi naliona hilo ni kosa zito.

Kwa ukamilifu, slaidi ya mwisho hushinda. Huko kuna nafasi ya mwandishi, tarehe, kichwa cha ukurasa, tovuti na kiungo kamili. Ukurasa hauna mwandishi? Anza na taasisi iliyouchapisha, au kichwa chake. Ukiwa unabadilika mara kwa mara, kama wa Wikipedia, ongeza tarehe uliyousoma. Matokeo ya kutafuta Google si chanzo.

Kazi ya njia zote mbili inakaribiana, ila orodha ya mwisho ni rahisi kuisahau unapoongeza slaidi usiku wa kuamkia wasilisho.

Una dakika tano na vyanzo viwili vitatu? Chini ya slaidi panatosha. Mwalimu atabaki na nakala aisahihishe? Orodha kamili ni lazima. Wasilisho lenye picha nyingi linadai vyote viwili.