Miezi saba na huduma ya wavuti ya kamisheni: uzoefu wangu

Nina tovuti ndogo ya kulinganisha bei za vyombo vya jikoni hapa Kampala. Duka si langu. Msomaji akibofya linki yangu akanunua, mwenye duka hunikatia kamisheni kupitia mtandao wa kamisheni, yaani kampuni inayotuunganisha. Zamani mtandao huo ulinitumia faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) kila asubuhi, nami nikaingiza bei kwa mkono. Umeme ukikatika, tovuti inabaki na bei za juzi.

Sasa natumia huduma yao ya wavuti. Kila saa programu yangu inabisha hodi kwenye seva (kompyuta) yao, inaonyesha ufunguo wake wa siri, inarudi na bidhaa, bei na hali ya stoo kwa JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome. Hapo sina neno. Sufuria zikiisha, linki yake inajificha yenyewe.

Hesabu ndizo zilizonitoa jasho. Wiki ya kwanza mama mmoja wa Kisenyi alinipigia: "Mwanangu, hii chupa ya chai ni shilingi 450 kweli?" Bei yake ni 45,000! Huduma hutuma bei kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, kwa dola ni senti, kwa hiyo niligawa zote kwa 100. Lakini kwenye ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi ya Uganda ina desimali 0, haigawiwi. Maelekezo yao hayakunionya, mifano yote ni ya dola.

Kisha mauzo yakaanza kupotea. Nilikuwa nachota ripoti ya siku saa sita kamili usiku, kumbe seva inafuata UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu. Aliyenunua saa saba usiku aliandikwa tarehe ya jana, nami jana nilishaifunga. Siku hizi nachota saa nne asubuhi, na hesabu zinakubaliana.

Jambo jingine: ombeni ripoti kwa tarehe ya mabadiliko pia, si ya ununuzi tu. Mauzo "yanayosubiri" kuthibitishwa hufutwa mteja akirudisha bidhaa, na ukiishachota ripoti ya siku ile hutajua.

Wahudumu wao hujibu baada ya siku tatu. Nawapa nyota tatu. Ya nne wakiweka mfano mmoja wa shilingi.

Yule mama aliinunua chupa. Aliifuata mwenyewe sokoni Kikuubo, kamisheni sikuiona.