TAHADHARI: "Wikiendi ya kihistoria Mombasa" kwa wanachuo wa Tanga, msilipe huyo jamaa

Wadau wa Tanga, hasa nyie wanachuo na wazazi wenye watoto vyuoni, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya wasap, lina picha ya ngome ya Fort Jesus na zile pembe za ndovu za barabarani, limeandikwa wikiendi ya kihistoria Mombasa, kuondoka Ijumaa kurudi Jumapili, elfu 70 tu kila kitu ndani. Msilipe. Na kama umeshalipa soma mpaka chini, kuna la kufanya.

Mimi ni mfanyabiashara, leso zangu nachukua Biashara Street kulekule Mombasa, kwa hiyo mpaka wa Horohoro napita sana na najua nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Mdogo wangu wa kike anasoma hapahapa mjini, alikwenda na wenzake bila kuniambia, simu ya kwanza naipokea yuko mpakani analia. Ninayoyaandika nimeyatoa kwake na kwa wenzake aliosafiri nao, meseji za huyo jamaa nimezisoma zote.

Kwanza hiyo bei. Elfu 70 kwa nauli ya kwenda na kurudi, kulala usiku mbili, chakula na viingilio, jamani hata ukilala gesti ya uchochoroni na kula mahamri asubuhi mpaka jioni haitoshi. Bei ile ni chambo tu, hela yenyewe anaikusanya njiani mkishakuwa mbali na nyumbani na hamna pa kukimbilia.

Wameondoka na Kosta ya kukodi, wamefika Horohoro magharibi inaingia. Kutoka Tanga mjini mpaka pale ni kama kilomita 65 na lami safi, wangeweza kufika mchana kabisa lakini jamaa aliwachelewesha makusudi, mara tunasubiri mtu, mara tunajaza mafuta, na mimi naamini alitaka giza. Hapo ndipo akasimama mbele ya gari akatangaza kuna elfu 15 kila mtu ya "viza ya wanafunzi". Sikieni, Mtanzania haingii Kenya kwa viza. Hata ule utaratibu wao wa kibali cha mtandaoni walioanza Januari 2024 sisi wa Afrika Mashariki hatumo, tumesamehewa. Unakwenda dirishani na paspoti yako, wanakuangalia, wanagonga mhuri, unapita, hulipi hata senti. Madirisha ya nchi zote mbili yako jengo moja siku hizi hata kuzunguka hamna.

Sasa la pili ndilo lililonitoa machozi mimi. Kabla ya kushuka alikusanya paspoti zote, ati anakwenda kuwagongea kwa pamoja kupunguza foleni. Watoto wakampa. Akarudi akasema asiyetoa ile elfu 15 paspoti yake itabaki kwa ofisa. Uongo mtupu, paspoti zilikuwa kwenye begi lake mwenyewe na hakuna ofisa aliyeziona, maana mhuri unagongewa mwenyewe umesimama pale, sura yako na paspoti yako. Mtu wa safari hashiki paspoti ya mtu. Mwenye gari hashiki, kiongozi hashiki, mchumba wako hashiki. Nilimpigia kaka mmoja dereva wa njia ile, Mungu ambariki, bahati alikuwa upande wa Kenya, Lunga Lunga, akaenda akamwambia yule jamaa twende kwa ofisa sote tukaulize, hapohapo paspoti zikatoka na maneno ya "nilikuwa natania". Ila waliokwisha toa hela hawakurudishiwa.

Halafu kuna wale wasio na paspoti kabisa. Hao kwenye meseji aliwaambia kitambulisho cha NIDA kinatosha, "sisi wote Afrika Mashariki". Hakitoshi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wana makubaliano yao ya kusafiri kwa kitambulisho, Tanzania hatumo kwenye hayo. Unatakiwa uwe na paspoti, ambayo ni shilingi 150,000, au kama huna na unakwenda mara moja tu nenda ofisi ya Uhamiaji uombe hati ya dharura ya safari, bei yake iko chini sana kuliko ya paspoti. Jamaa anajua hayo vizuri sana. Anachofanya ni kuwafikisha pale bila karatasi, kisha anawaambia kuna namna, toeni elfu 30 mzungushwe na boda mkutane na wenzenu ng'ambo. Wawili walikubali, wasichana, usiku, kila mmoja na bodaboda asiyemjua kwenye njia ya panya. Sitaki hata kufikiria. Walifika salama lakini ukikamatwa huko wewe ndiye uliyeingia nchi ya watu kinyume cha sheria, sio yeye, na kutoka Lunga Lunga mpaka Likoni polisi wanasimamisha magari na wanauliza karatasi.

Kwenye kubadilisha hela nako kuna kijana wake. Shilingi moja ya Kenya inakwenda karibu na 20 ya kwetu, inapanda inashuka, huyo kijana aliwafanyia kwa 30 na watoto hawakujua hesabu, na mmoja wao kapewa ndani yake noti ya zamani ya 1000, ile yenye sura ya mzee Kenyatta, ambayo Kenya waliifuta tangu mwisho wa Septemba 2019. Karatasi ya kufungia maandazi ile. Amekuja kujua dukani Mombasa anataka kununua maji, muuzaji kamuangalia kama yeye ndiye mwizi.

Sasa huko Mombasa kwenyewe. Feri ya Likoni akawatoza nauli. Jamani anayevuka kwa miguu Likoni halipi, ni bure kwa kila mtu, wanaolipa ni wenye magari, na gari lao lililipiwa na dereva. Kesho yake asubuhi akawatoza kiingilio cha pembe za ndovu. Hapo ndipo nilicheka kwa hasira. Zile pembe ni za bati la alumini, ziko juu ya barabara ya Moi Avenue, daladala zao zinapita chini yake kutwa nzima, unakatiwaje tiketi ya barabara? Na bustani ya Mama Ngina kule ufukweni, unapokwenda kula mihogo ya kukaanga na kuangalia meli zinaingia, nako akasema kuna ada ya usafi.

Fort Jesus yenyewe ambayo ndiyo iko kwenye tangazo hawakuingia. Aliwafikisha jioni wanakaribia kufunga, akawapigisha picha ukutani, akasema ndani kuna magofu tu hamna kitu. Hamna kitu! Ngome ya Wareno imeanza kujengwa 1593, imechorwa na Mtaliano anaitwa Cairati, Waarabu wa Oman wameizingira kuanzia 1696 hadi 1698 ndipo wakaichukua, Waingereza wakaja kuifanya gereza, na 2011 UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia. Humo ndani kuna makumbusho yenye vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno iliyozama pale mbele ya ngome 1697 wakati wa mzingiro uleule. Mdogo wangu anasomea ualimu wa historia, ndiyo sababu pekee iliyomfanya atoe hela yake ya matumizi, kaja kurudi na picha ya ukuta.

Hela ya kiingilio waliyompa, kwa taarifa yenu, ilikuwa ni ile bei ya watalii wa mbali. Mtu wa Afrika Mashariki ana bei yake chini sana, iko kwenye ubao, na malipo yanapita mfumo wa serikali yao wa eCitizen na risiti unapata. Kwa hiyo mtu akisema kiingilio nilipe mimi, mwambie asante nitalipa mwenyewe getini.

Hoteli "Mji wa Kale inayoangalia bahari" ilikuwa chumba kimoja Likoni, magodoro chini, wasichana na wavulana pazia katikati. Jumapili wameamka Kosta haipo, dereva anasema kwenye simu yeye alilipwa kwenda tu. Jamaa simu imezimwa. Wamerudi kwa nauli za kutumiwa na ndugu, wengine wamefika Tanga Jumatatu wamekosa mtihani wa majaribio.

Kuna mtu kaniambia mbona wapo waliokwenda naye wakarudi wanasifia. Ndiyo, kila safari anachukua wachache bure, wale wenye wafuasi wengi, wanapewa chumba kizuri wanapiga picha Mji wa Kale kwenye milango ya kuchonga, hizo picha ndizo tangazo la safari inayofuata.

Leseni anayo, atakutumia picha yake. Ikuze uisome. Ile tuliyotumiwa sisi ni leseni ya biashara ya steshenari. Anayefanya biashara ya kusafirisha watalii Tanzania anatakiwa awe na leseni ya TALA inayotoka Wizara ya Maliasili na Utalii, na jina la kampuni unalitafuta mwenyewe BRELA, wanaosajili makampuni, mtandaoni, dakika chache. Halafu angalieni jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Kwa huyu linatokea jina la mwanamke, ukimuuliza anasema ni mhasibu wake. Biashara ya kujaza Kosta nzima haina lipa namba, ina namba ya mhasibu? Tofauti yake na wale matapeli wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ni nini?

Namba zake siziweki hapa maana ameshazibadilisha na sitaki mkapigie mtu asiyehusika, zimekwenda polisi pamoja na meseji. Na tangazo jipya limeshatoka, safari hii ni Lamu, Ijumaa jioni Jumapili nyumbani. Hebu chukueni ramani. Ukifika Mombasa bado una safari nyingine ya mchana mzima mpaka Mokowe na boti juu yake, sasa hiyo Lamu mtaiona saa ngapi?

Uliyelipa na hujasafiri: usimgombeze kwanza, asije akaitoa hela haraka. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe, ukisubiri mpaka kesho atakuwa ameshatoa. Meseji ya utapeli na namba yake tuma kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Halafu nenda kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, RB hailipiwi, beba meseji ya muamala usiifute na piga skrinishoti za mazungumzo yote kabla hajakublok. Mliokuwa kwenye Kosta ile na hamjaandikisha maelezo, nitafuteni inbox, wenzenu wanakwenda kituoni Alhamisi asubuhi na kila mwenye risiti ya muamala anahitajika, hata kama ni ya ile elfu 15 tu.