Tulilipia Huduma ya Video na Takwimu za Washambuliaji: Tathmini ya Klabu Moja ya Busia

Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa mwezi Januari, klabu yetu ya hapa Busia, upande wa Uganda, inayocheza ligi ya chini, ilikuwa na fedha za kumsajili mshambuliaji mmoja tu, na mbele yetu walikuwepo wawili. Kamati iligawanyika kwa wiki mbili nzima. Mwishowe tulikubaliana kulipia, kwa nusu msimu, huduma ya kampuni moja ya Kampala ambayo hurekodi mechi za ligi za chini, huzikata katika vipande vifupi vya video kwa kila mchezaji, na huandaa jedwali la kuwalinganisha washambuliaji pamoja na alama ya jumla hadi mia. Tulilipa shilingi 1,200,000. Kwetu sisi hiyo ni nauli ya timu kwa safari tatu za ugenini, kwa hiyo ninaandika kwa ajili ya viongozi wa klabu za namna yetu wanaojiuliza kama fedha hiyo inatumika vizuri.

Mshambuliaji wa kwanza ana umri wa miaka 31, amewahi kucheza Ligi Kuu, na msimu uliopita alikuwa akitajwa kila mahali katika ukanda huu kwa mabao yake. Alitaka pesa ya kusaini mkononi kabla ya kugusa mpira, pamoja na nyumba. Wa pili ni kijana wa miaka 19 aliyetoka soka la shule, ambaye kituo kilichomlea hakikudai fedha nyingi za papo hapo, ila kilitaka asilimia 20 ya ada yoyote tutakayomuuzia baadaye. Mwalimu wetu alimtaka mkongwe. Mimi nilimtaka kijana, na ninakiri kwamba nilikuwa nimeshaamua kabla ya kufungua video hata moja.

Kabla ya kuwaangalia hao wawili, niliamua kulipima jedwali lenyewe kwa wachezaji ambao maisha yao ya soka ninayafahamu. Huduma ina ukurasa wa historia ambapo mtu anaweza kuwaweka washambuliaji wawili wa Uganda sambamba na kuona mchoro wa mabao yao mwaka kwa mwaka. Nilimweka Emmanuel Okwi. Mchoro wake unapanda alipokuwa SC Villa ya hapa Uganda na Simba ya Tanzania, unayumba baada ya kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013, kisha unalala chini kabisa katika miaka ya SønderjyskE ya Denmark. Mtu ambaye angeusoma mchoro huo mwanzoni mwa mwaka 2017 angesema kwamba kazi imekwisha. Mwaka huohuo Okwi alirudi Simba, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2017/18 kwa mabao 20, Simba ikatwaa ubingwa, na mwaka 2019 nchini Misri aliifungia Uganda dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na dhidi ya Zimbabwe, tukavuka hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Jedwali linaonyesha kwamba aliporomoka na kwamba aliinuka, lakini halina mahali popote pa kueleza kwamba aliporomoka kwa sababu ya kukaa benchi, wala kwamba aliinuka kwa sababu alirudi katika timu iliyojua kumlisha mipira anayoipenda.

Nikamjaribu Geoffrey Sserunkuma, aliyezaliwa mwaka 1983. Alama ya jumla ya huduma hii humpunguzia mshambuliaji thamani kila mwaka anapovuka miaka 29, na kwa hesabu hiyo Sserunkuma wa msimu wa 2016/17 asingestahili hata kuangaliwa. Msimu huo ndio aliokuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu yetu akiwa na KCCA. Steven Mukwala naye, kwa upande mwingine wa umri, alikuwa mchezaji wa Vipers aliyepelekwa kwa mkopo Maroons na URA kabla ya kwenda Asante Kotoko ya Ghana mwaka 2022 na Simba mwaka 2024. Katika jedwali, miaka yake ya mkopo inasomeka kama miaka ya mchezaji asiyetakiwa na klabu yake, ilhali ni katika mikopo hiyo ndipo alipopata dakika za kucheza.

Aliyenifanya nisite zaidi ni Geoffrey Massa. Alikuwa nahodha wa Cranes, timu yetu ya taifa, huko Gabon mwaka 2017, tuliporudi katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978, na hakufunga bao lolote kule; bao letu pekee lilifungwa na Farouk Miya dhidi ya Mali. Ukihesabu mabao ya mashindano yale peke yake, Massa anapata sifuri. Lakini alikuwa ameshacheza Misri na Afrika Kusini, na kwa miaka kumi mabeki wa Afrika walijua kwamba mpira ukipigwa juu kuelekea kwake, hautarudi haraka. Sijui klabu yoyote yenye akili ambayo ingemwacha mchezaji wa aina hiyo kwa kuangalia safu ya mabao.

Hapo nilielewa kwamba jedwali hili ni la kutumiwa kwa tahadhari, na nikarudi kwa wachezaji wetu wawili. Mkongwe alionyeshwa na mabao 14, kijana na mabao 8, na alama ya jumla ikampa mkongwe ushindi licha ya umri wake. Nilipofungua video za mabao hayo 14, moja baada ya jingine, niliona katika mawili kwamba mfungaji aliyevaa jezi namba 9 ana mwili mwembamba na anapiga kwa mguu wa kushoto, ambapo mkongwe ni mtu wa kulia tupu. Tulipiga simu katika klabu yake, tukaomba nakala za fomu za mechi zilizotiwa saini na refa. Kumbe katika mechi mbili alizokuwa majeruhi, jezi yake ilivaliwa na mwenzake, kwa kuwa timu ile ina seti moja tu ya jezi, kama zilivyo timu nyingi za ligi hizi. Kampuni ilikuwa imehesabu namba ya jezi badala ya mtu.

Mabao yalibaki 12, na kati ya hayo matano ni penalti. Jedwali halitenganishi penalti na mabao ya mchezo wa wazi, wala halihesabu dakika, kosa ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Nilizihesabu mwenyewe kutoka katika video na fomu. Mkongwe alikuwa amecheza dakika 1,750, maana yake bao moja la mchezo wa wazi katika kila dakika 250. Kijana alikuwa ameingia mara nyingi kutoka benchi, amecheza dakika 760 tu, hana penalti hata moja, na kwa hiyo alifunga kila baada ya dakika 95. Haki inanilazimu niongeze kwamba anayeingia dakika ya 65 anakutana na mabeki waliokwisha kuchoka, na mwalimu wetu alinikumbusha hilo mbele ya kamati kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Tuliwataka kampuni wasahihishe mabao yale mawili. Walitujibu kwa heshima siku hiyohiyo, lakini marekebisho yalionekana baada ya siku tisa, na dirisha lilikuwa limebakiza siku nne. Kwa huduma inayouzwa kwa ajili ya usajili, siku tisa ni nyingi mno. Klabu ambayo ingeamini jedwali bila kufungua video ingekuwa imeshatoa pesa ya kusaini.

Upungufu mwingine ni kipengele wanachokiita thamani ya mchezaji, ambacho kinakadiria bei ya leo tu. Kwa klabu ndogo, thamani ya kijana iko katika kanuni za FIFA kuliko katika bei ya leo. Kanuni zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zote zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23, na kila msimu kuanzia miaka 16 unastahili asilimia 0.5 ya ada nzima. Kijana akikaa nasi misimu miwili, halafu siku moja akauzwa na klabu ya nchi moja kwa klabu ya nchi nyingine kwa dola 100,000, fungu letu ni dola 1,000, hata kama wakati huo alikwisha kutuhama zamani. Ipo pia fidia ya mafunzo, ambayo klabu mpya huwalipa waliomlea mchezaji, na hukadiriwa kwa kundi ambalo klabu hiyo mpya imepangwa. Klabu mpya ikiwa ya kundi la nne, lililo la chini kabisa, hailipi kitu, lakini kwa kundi la tatu barani Afrika ni dola 10,000 kwa kila mwaka wa malezi, hadi mwaka wa kutimiza miaka 21. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA inayosoma kumbukumbu za usajili za kielektroniki, kwa hiyo klabu ambayo haikumwingiza mchezaji wake ipasavyo katika mfumo wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda, haipati kitu. Mkongwe wa miaka 31 hatuletei hata senti kwa njia hizo. Mambo haya yangeweza kuingizwa katika huduma kwa hesabu rahisi ya tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya usajili, na ninawaomba wahusika wayaingize.

Sasa niseme lililo jema, kwa sababu ni kubwa. Jioni moja tulikusanyika nyuma ya duka la vipuri la mmoja wa wanakamati, mtaa wa Sofia, tukatundika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekta ya kukodi. Umeme ulikatika mara mbili, tuliusubiri. Tulianza na mkongwe, na mimi ndiye niliyebadilika wa kwanza. Katika kipande kimoja anaupokea mpira mrefu akiwa ameligeuzia goli mgongo, mkono wake wa kushoto umelazwa kifuani mwa beki, hamsukumi, anampima tu. Beki anapoegemea, yeye anauachia mpira kwa mguso mmoja kwa kiungo anayekuja mbio, na timu nzima inasogea mita thelathini. Hakuna bao wala pasi ya bao iliyoandikwa. Tulirudia kipande hicho mara nne, na sikuweza tena kusema kwamba ni mchezaji aliyekwisha.

Kijana alifuata. Kila winga wa timu yake anapoinua kichwa ili kupiga krosi, kijana anarudi hatua mbili nyuma ya bega la beki wa kati, mahali ambapo beki hamwoni, kisha anachomoka kuelekea mlingoti wa karibu. Katika vipande kumi na moja alifanya hivyo mara tisa, na mara sita mpira haukumfikia kabisa, lakini mara iliyofuata alichomoka tena vilevile.

Kifurushi tulicholipia kilijumuisha pia mechi zetu wenyewe nne, ambazo hakuna aliyezitilia maanani. Mwalimu ndiye aliyeomba tuziangalie. Winga wetu wa kulia alipiga krosi za chini, za mapema, mechi baada ya mechi, na zote zilipita mbele ya mlingoti wa karibu pasipo mtu. Mshambuliaji wetu alikuwa akisubiri mlingoti wa mbali, kama alivyofundishwa. Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mzee, huyu mtoto anakimbilia mahali ambapo mipira yetu inapotea.” Hakuna alama hadi mia iliyotuambia hivyo, na bila kamera ya kampuni ile, iliyosimamishwa juu ya jukwaa la mbao pembeni mwa uwanja wetu, tusingeliona kamwe.

Tulimsajili kijana kwa mkataba wa miaka miwili na nusu, na kituo chake kikakubali asilimia 15 badala ya 20. Mkongwe tulimwambia ukweli mapema, ili asipoteze dirisha kwa ajili yetu, na alipata timu nyingine. Tangu hapo kijana amecheza mechi saba na kufunga mabao matatu, mawili yakiwa kwenye mlingoti wa karibu, kwa krosi za winga yuleyule. Hatujajua bado kama mabao hayo yatatosha kutuweka mbali na mkia wa msimamo, na kuna mechi ambazo, mpira unapokuwa haushikiki mbele, mwalimu huniangalia nami ninajua anamfikiria nani.

Kwa ubora wa video ninawapa nyota nne kati ya tano. Ningewapa tano kama mechi za ugenini zingerekodiwa kwa uthabiti uleule wa za nyumbani. Kwa jedwali na alama ya jumla ninawapa mbili. Huduma kwa wateja ni ya adabu lakini ya polepole. Klabu inayofikiria kulipia iombe kifurushi cha video pekee, ambacho kwa bei tuliyopewa ni shilingi 700,000 kwa nusu msimu, ihakikishe kwamba mechi zake yenyewe zimo ndani yake, na imteue mtu mmoja mwenye subira wa kuhesabu dakika na kukagua fomu za refa. Sisi tumeshawaandikia kwamba Agosti tutalipia hicho tu.