Kugusa kioo au kutia wino kwenye karatasi?

Sheria ya uchaguzi ya HAVA ya 2002 iliyapa majimbo ya Marekani fedha za kuachana na kura za kadi za kutoboa matundu, na mengi yakakimbilia mashine za kugusa kioo zisizotoa karatasi. Unagusa jina, kura inaingia kwenye kumbukumbu, basi. Matokeo yakipingwa, utahesabu nini? Mashine itakuchapia namba ileile.

Karatasi inayosomwa na skana ina usumbufu wake: wino ukitoka nje ya duara unalojaza kumchagua mgombea, ubishi. Hata hivyo mimi naichagua, maana sanduku hufunguka na kura zikahesabiwa tena. Jimboni Georgia, uchaguzi wa rais wa 2020, karatasi karibu milioni 5 zilihesabiwa upya kwa mkono. Ila nyingi zilichapishwa na mashine, na skana ilisoma msimbo wa QR, ambao mpiga kura hawezi kuukagua kwa macho.