TAHADHARI: Fundi wa Tabata kanifungia masega tupu, ya kwangu kaondoka nayo kwenye kiroba

Jamani naomba msome, na mumtumie kila mwenye gari la zamani. Nina siku nne silali. Shilingi 910,000 zimekwenda, na hela siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwepo. Hayo masega, yaani kile chombo cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, niliyashika kwa mikono yangu mwenyewe, nikamulikiwa tochi nikachungulia ndani, nikasema "sawa, twende tukafunge."

Gari langu ni X-Trail ya 2004, lile lililotusumbua siku ya msiba. Taa ya injini iliwaka wiki ileile. Likawa linatetemeka kwenye mataa kama mtu mwenye homa, na kupanda kilima cha pale nyumbani mpaka nizime AC.

Shemeji ndiye aliyenielekeza kwa huyu mtu. Hapa naomba mnielewe, sikumwokota barabarani. Gari la shemeji kalitengeneza miaka mitatu. Mimi mwenyewe mwaka jana alinibadilishia pedi za breki, ikabaki chenji 6,000, akaituma kwa simu jioni bila kuulizwa. Mtu anayerudisha 6,000 utamdhania nini? Ana gereji, ana vijana chini yake, ana mashine ya kupimia. Ananiita mama, na shikamoo haikosi.

Kupima alichukua 50,000. Akachomeka mashine chini ya usukani, akanigeuzia kioo nione namba ya hitilafu: P0420. "Mama, unaona? Gari lenyewe ndilo linalosema, siyo mimi. Masega yamekufa. Yameziba, moshi hautoki, ndiyo maana nguvu hakuna. Ukiendelea nalo hivi unaua injini." Nikamwambia mbona linatetemeka pia. Nilimwambia mara mbili. Akasema ni hayohayo masega.

Usiku nikaitafuta ile namba mtandaoni. Kila nilipofungua naona masega, masega. Nikasema moyoni, huyu kijana mkweli. Sikusoma hadi chini.

Jumamosi tukaenda Gerezani, kule Kariakoo kwenye maduka ya spea. Pale tukapokewa na winga, dalali anayemjua yeye, akatuingiza uchochoroni hadi kwenye kiduka. Kijana akatoka stoo na kitu kimeviringishwa gazeti la maandishi ya Kijapani, ubavuni kina namba za rangi ya njano, zilezile tunazoziona kwenye spea zinazoshushwa kutoka kwenye makontena. Mdomo mmoja wazi, mdomo wa pili umezibwa kwa selotepu. Fundi akawasha tochi ya simu. "Chungulia mama." Nikachungulia. Nikaona vitundu vidogo vidogo vya kijivu, vimejipanga sawasawa kama sega la nyuki, visafi kabisa. Nikauliza huku kwingine mbona kumezibwa. Akasema, "Usibandue, vumbi likiingia umeshaharibu." Sikubandua.

Akaniwekea mikononi. Nikasema, neno kwa neno nalikumbuka, "Mbona mepesi hivi?" Akacheka. "Mama, hiyo ni Japani, hawatumii machuma mazito." Mwenye duka akaitikia ndiyo, winga akaitikia ndiyo. Wanaume watatu wamenizunguka, wote wanajua magari, mimi ndiye sijui. Nikaona aibu kuendelea kuuliza.

Bei ikaanza 1,100,000. Na hapa ndipo ninapotetemeka nikikumbuka, kwa sababu fundi alinitetea. Alimgeukia mwenye duka akamwambia kwa hasira, "Huyu ni mama yangu, usimfanyie hivyo, mpunguzie." Wakavutana pale, karibu wagombane, ikashuka hadi 780,000. Mimi nimesimama pembeni nasikia kama nina mtoto wa kunipigania. Kumbe wanagawana. Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea halikuwa la duka wala la yule niliyekuwa naongea naye. Nililiona. Nikabonyeza.

Tuliporudi gereji nikaenda dukani kununua maji, sikukaa hata robo saa. Narudi nakuta yangu yameshafunguliwa na yako ndani ya kiroba. Nikaomba niyaone. "Uchafu huo mama, utachafuka nguo, tutakutupia." Nikamshukuru. Nikamlipa ufundi 80,000 na soda za vijana juu.

Taa ikazima. Nikarudi nyumbani nimefurahi.

Siku ya tisa tunakwenda kwa mama Morogoro, tumefika Mlandizi taa ikawaka tena. Ndani kukawa na harufu ya petroli mbichi inayochoma macho. Mwanangu wa mwisho, ambaye kifua kinamsumbua, alikohoa mpaka Chalinze na madirisha yote wazi. Nilisimamisha gari mara tatu. Nikampigia fundi, akasema ni mafuta machafu, nibadilishe sheli. Nikampigia tena jioni, hapokei. Kesho yake kanibloku. Mimi niliyeitwa mama!

Kaka akanipeleka kwa mzee mmoja pale Morogoro, fundi wa siku nyingi. Mashine hakuigusa kwanza. Alifungua boneti akasikiliza, kisha akachomoa koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, mojamoja gari likiwa linaunguruma. Alipochomoa ya silinda ya tatu, muungurumo haukubadilika. Koili imekufa. Plagi yake ikatoka imelowa petroli. Hiyo ndiyo iliyokuwa inatetemesha gari tangu mwanzo, kitu cha 65,000! Akaniambia petroli isiyoungua kwenye silinda inakwenda kuungulia kwenye masega, yanapata moto kupita kiasi mpaka yanayeyuka. Kwa hiyo hata kama ningefungiwa masega halali, koili ileile ingeyaua.

Halafu akaingia uvunguni. Sensa ya oksijeni ya nyuma ikakutwa imepandishwa juu ya kipande cha chuma kirefu kama nati, ili isiguswe na moshi sawasawa, kompyuta idanganyike. Akaitoa, akapitisha kamera ndogo kwenye tundu lake, akaniita nitazame. Pale mdomoni mwa masega kuna kipande cha sega unene wa kidole changu. Nyuma ya hapo hakuna kitu. Uwazi mtupu. Ubavuni kuna mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi ya fedha. Walikata tumbo, wakakomba kila kitu, wakabakiza kile cha kunionyesha mimi. Nilikaa chini pale pale kwenye mafuta nikalia mbele ya vijana wa watu.

Mzee alinieleza taratibu, nami nawapa nilivyoelewa. Ile P0420 haisemi masega yamekufa. Kompyuta inalinganisha sensa mbili, moja kabla ya masega na moja baada. Ya nyuma inatakiwa itulie, kwenye volti 0.6 au 0.7 hivi. Ikianza kupanda na kushuka harakaharaka kama ya mbele, kompyuta inasema masega hayafanyi kazi. Lakini bomba la ekzosi likivuja, au sensa ikichoka, inaweza kutoa namba ileile. Na kuziba ni ugonjwa mwingine kabisa, una kipimo chake: unafungua sensa ya mbele, unafunga geji ya presha kwenye tundu. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, isizidi psi 1.5, ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika isizidi 3. Hapo ndipo unajua kama moshi umekwama. Yule wa Tabata hakufungua hata bolti moja kabla ya kuniambia yameziba.

Na taa kuzima si dalili ya kupona. Aliifuta tu kwa mashine. Kompyuta inahitaji safari kadhaa kujipima upya, ndiyo maana nikapata siku tisa za amani.

Yangu je? Kwenye masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na wapo wanaopita gereji kwa gereji kuyanunua. Ndiyo maana ule "uchafu" uliwahishwa kwenye kiroba mapema. Mzee anasema huenda yangu yalikuwa mazima. Hakuna wa kuthibitisha tena.

Sasa nasema hivi. Huyu mtu afungwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu kuna kifungu chake, 302 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 7, na mimi nataka yote saba. Mwenye duka afungwe naye, winga naye. Na wanaonunua masega mitaani bila kuuliza yametoka gari gani, hao ndio wanaolisha wizi huu, wakamatwe na mizani zao. Kituoni wameniambia eti ni makubaliano ya biashara, nikamalizane naye. Nimalizane na mtu aliyenibloku? Nimegoma kutoka mpaka nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Shemeji, sikulaumu wewe, lakini namba yake itoe kwenye grupu la ukoo leo.

Wanaoniuliza mtajuaje: bandueni selotepu, chungulieni pande zote mbili. Masega mazima yana uzito, na ukiyagonga kwa ngumi hayachezi ndani. Angalieni mshono wa kuchomelea na rangi mpya. Gari likitetemeka, koili na plagi kwanza. Na ya zamani ondokeni nayo nyumbani, hata kama ni vumbi tupu. Mengine nitaongeza nikitulia, sasa hivi siwezi.

Koili nimenunua, gari halitetemeki. Lile ganda bado liko chini, hela ya masega mengine sina mpaka mwisho wa mwezi ujao, kwa hiyo mtoto namsindikiza shule kwa daladala. Jumatano saa nne asubuhi narudi kituoni. Kama na wewe gereji ile ya Tabata ilikufungia masega, njoo inboksi, lete na picha za muamala. Tukienda watatu hawatatuambia tena habari za makubaliano.