Shule ya udereva hapa Tabora, kwa wewe unayeishiwa nguvu ukiona trafiki

Niseme mapema kabisa, hii shule naipa nne kwa tano na hiyo moja waliyoikosa ni ya gari lao, mwalimu hana shida hata kidogo. Naandika kwa ajili ya watu wa aina moja tu, wale ambao gari wanaliweza au wataliweza, ila kinachowakwamisha ni yule mtu wa nguo nyeupe aliyesimama kandokando ya barabara. Kama we huogopi polisi nenda shule yoyote, zipo kadhaa hapa mjini na klachi ni klachi popote utakapojifunzia. Ila kama ukiona gwanda tu moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, unaulizwa swali dogo na jibu unalijua lakini halitoki, basi soma.

Jina la shule siliweki hapa maana kuna mambo ntayalalamikia huko mbele na sitaki kumharibia mtu biashara yake, anayetaka aniulize pembeni ntamwelekeza.

Nieleze kidogo hii hofu maana wengi wanadhani ukiogopa polisi basi una kitu unaficha. Mi kwetu ni Kasulu. Aliyekulia Kigoma anajua, unasafiri zako, basi linasimamishwa, anapanda askari au mtu wa uhamiaji, kitambulisho, we wa wapi, baba yako nani, babu yako je, kijiji gani, mwenyekiti wa kijiji nani. Tunapakana na Burundi, Kiha na Kirundi vinasikilizana, kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zilikuwa huko huko, kwa hiyo sababu ya ukaguzi naielewa vizuri tu. Lakini mtoto aliyekaa dirishani hayo hayajui, yeye anamwona mama yake, ambaye nyumbani akisema kitu hakuna wa kumpinga, ghafla sauti imekuwa ndogo, anafungua mkoba, anatoa cheti kilichokunjwa hadi mikunjo imeanza kuachia, na mkono unatetemeka. Na siku moja askari mmoja alimfokea mbele ya basi zima kwa sababu alichelewa kukikunjua. Makaratasi yetu yalikuwa sawa. Yalikuwa sawa kila mara, ila mwili haukuliamini hilo.

Afu weka na ile ya majumbani mwetu, mtoto akilia anaambiwa nyamaza polisi huyoo anakuja kukuchukua. Jamani tuiache hii, nasema kwa moyo wangu wote, mtoto akipotea sokoni anatakiwa amkimbilie askari, sasa atamkimbiliaje mtu aliyefundishwa tangu ananyonya kwamba ndo anayebeba watoto?

Na hofu hii ina gharama kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Nimeibiwa simu nikanunua nyingine kimya kimya bila kwenda kutoa taarifa. Namjua mama mmoja aliumizwa, akatakiwa aende kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ndo atibiwe vizuri na kesi ifunguliwe, akabaki nyumbani na maji ya chumvi kwa sababu ya kuogopa ile kaunta tu, hakuna aliyemfukuza. Sasa hivi vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, unaongea na askari aliyefunzwa na unakuwa na faragha, ila mtu mwenye hofu ya namna hii hafiki hata mlangoni akalijua.

Sasa kwenye udereva ndo balaa lenyewe, maana hapa kwetu huwezi kumkwepa. Unasoma shule, unapewa cheti, sawa, lakini anayekutahini ni askari wa usalama barabarani, yeye ndo anakaa pembeni yako kwenye gari na karatasi mkononi, yeye ndo anaamua umefaulu, ndo sasa unaenda TRA kulipia elfu 70, wanakupiga picha na alama za vidole, unapata leseni ya miaka 5. Kwa hiyo mtu kama mimi unaweza ukaendesha vizuri miezi na mwalimu, afu ukaharibu kila kitu kwa dakika kumi kwa sababu ya aliyekaa kiti cha kushoto.

Hii shule ilinipata hapo. Siku ya kujiandikisha mwalimu, mtu mzima, sauti ya taratibu ya Kinyamwezi ile isiyo na haraka, aliuliza maswali ya kawaida, umewahi kushika usukani, unavaa miwani, afu akauliza, na trafiki je dada, unamwogopa? Nkanyamaza. Akasema haya, basi hilo nalo ni somo, litakuwa kwenye ratiba. Hakucheka, hakuniambia acha uoga, hakuniambia polisi ni binadamu kama wewe (kila mtu ananiambia hivyo na haijawahi kunisaidia).

Anavyofundisha sasa. Wiki za mwanzo hagusi hiyo habari kabisa, ni gia, klachi, indiketa, saiti mira, rivasi kati ya vigingi, mnazunguka upande wa Ipuli na zile njia za ndani za Cheyo chini ya miembe ambako magari ni machache. Ukishatulia ndo anaanza. Anashuka, anavaa reflekta, ile ya kijani ya bodaboda, anaenda kusimama mbele huko kama hatua mia, we unakuja unaendesha na yeye anakupiga mkono. Mara ya kwanza gari ilizimika katikati ya njia. Akaja dirishani taratibu, akasema haijaharibika kitu, washa, rudi nyuma, uje tena.

Na hapo ndo anakupa mpangilio, na anautaka ufuate ule ule kila mara hadi mwili uuzoee. Ukiona mkono, pumua nje kwanza, ndefu, kabla ya kugusa breki. Indiketa ya kushoto. Toka barabarani kabisa, usisimame nusu nusu. Gia huru, handibreki, zima. Shusha kioo. Mikono juu ya usukani, usianze kupekua dashibodi kabla hujaulizwa maana ukiwa na hofu utapekua ovyo na utaonekana unatafuta cha kusema. Halafu we ndo uanze kusalimia. Hili alilisisitiza sana. Habari za kazi afande. Akiwa mtu mzima mpe shikamoo yake. Anasema ukishaanza kutoa salamu sauti yako inakuwa imeshatoka, la pili linakuja lenyewe, ila ukisubiri akuanze yeye unakuwa umebaki kujibu tu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Afu soma jina lake kifuani. Huliandiki popote, unalisoma tu kichwani, kwa sababu ukishajua huyu ni mtu ana jina macho yako yanatulia sehemu moja.

Hilo la jina mi ndo limenisaidia kuliko yote. Kwa kweli sijui alilitoa wapi.

Kinachofuata ni kile ambacho shule nyingi zinakipitia juu juu, yaani afande anaweza kukuuliza nini hasa. Leseni, bima, kadi ya gari, pembetatu za dharura, mtungi wa kuzimia moto, mkanda umefunga, taa zinawaka, matairi yana meno. Basi. Mwalimu anakufanya uvitaje bila kuangalia, na anakuonyesha kila kimoja kinakaa wapi kwenye gari ili mkono uende wenyewe. Anafafanua na faini, kwamba kwa gari ni elfu 30 kwa kila kosa, bodaboda na bajaji walipunguziwa mwaka 2022 ikawa elfu 10, unaandikiwa kwenye mashine, unapata kontrol namba unalipa kwa simu, hakuna kutoa noti mkononi, na kwenye TMS, ule mfumo wa polisi wa mtandaoni, unaweza kuangalia mwenyewe namba ya gari lako kama linadaiwa. Na kama unaona kosa si lako una haki ya kulikataa likaenda mahakamani, unasema kwa adabu, afande hili kosa sikubaliani nalo, na hapo hujamtukana mtu.

Mi nilikuwa sijui kama inaruhusiwa kusema hiyo sentensi. Nina umri huu, nimesoma, nafanya kazi na watu, na sikujua. Nadhani nusu ya hofu yetu iko hapo, hatujui mamlaka ya yule mtu yanaishia wapi kwa hiyo tunadhani hayaishii popote. Sheria inasema akikukamata akuambie kwa nini, inasema asikukalishe zaidi ya saa 24 bila kukupeleka mahakamani au kukupa dhamana, na dhamana haiuzwi, vituo vingine wamebandika kabisa ukutani kwa herufi kubwa. Haya mambo yangefundishwa shule za msingi tungekuwa mbali.

Kuna na ile ya tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Barabara ya kwenda Nzega, na hii ya Urambo kuelekea Kigoma, vijiji ni vingi na kila kijiji kina kibao cha 50, mtu anashusha akifika kwenye kibao, akiona nyumba zimepungua anakanyaga mafuta na hapo ndo anapigwa tochi. Mwalimu anasema we huhesabu nyumba, unasubiri kibao kinachofuta 50 ukione kwa macho yako. Ukiwa na hofu ya trafiki hii ni dawa nzuri sana, maana unapoendesha ukijua uko ndani ya sheria hata ukimwona amejitokeza kwenye kichaka huna cha kukumbuka.

Siku ya mtihani sasa. Tulikuwa wengi, jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua, na foleni haisogei. Mwalimu alikuja mwenyewe akakaa na sisi chini ya mwembe mpaka wa mwisho, kuna shule walileta watu wao wakawaacha pale. Tukaanza na bango la alama, unaonyeshwa kwa fimbo unajibu, pembetatu zinakuonya, duara zinakuamuru, afande akigusa moja unasema. Nikasema shikamoo. Akaitika marahaba mama, na akaniangalia, akaona kijasho, akauliza unaumwa? Nkamwambia hapana afande, naogopa polisi. Ilitoka tu. Akanyamaza kidogo, afu akasema, basi leo uendeshe kama mimi sipo, nikikwambia simama ndo ukumbuke nipo. Tukazunguka. Mikono ilikuwa inatetemeka safari nzima, nasema ukweli, haikuacha, ila ilifanya kazi huku inatetemeka, indiketa nilipiga, kwenye zebra nilisimama, rivasi nilirudi sawa. Nikafaulu.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia hofu imeisha. Haijaisha. Juzi hapo karibu na stendi nimepigwa mkono, tumbo likakata kama kawaida, ila nikapumua nje, nikatoka barabarani, nikashusha kioo, nikasalimia, nikatoa leseni, akaangalia, akaniambia safari njema. Zamani ningekaa kutwa nzima naliwaza hilo tukio, safari hii nilifika sokoni nikanunua mchele nikarudi.

Haya malalamiko sasa. Gari la mafunzo limechoka. Klachi inashika juu sana, ukizoea ile ukienda kwenye gari jingine unazima zima mpaka uanze upya. Kiti cha dereva hakisogei vizuri, mtu mfupi anakalia mto. Taa ya breki moja ilikuwa haiwaki muda mrefu na hili sikulipenda kabisa, huwezi kunifundisha taa zikaguliwe na ya kwako ni mbovu, nilimwambia mwenye shule, akatengeneza, ila ilichukua muda. Mwinuko wa kujifunzia kuondoka mlimani nao ni shida, mji wetu tambarare, mnatumia kituta kimoja kilichoko njiani na mnakipanga foleni. Na darasa la nadharia linafundishwa na kijana mwingine, anasoma kwenye karatasi anaenda mbio, ukiuliza anaona unamchelewesha. Hilo wangempa mwalimu yule yule.

Bei ni laki mbili na kitu kwa daraja D, yaani leseni ya gari dogo, na hapo lena (leseni ya kujifunzia) na ada za serikali ni juu yako. Kuna wanaotoza chini ya hapo. Kwa asiye na hofu naweza kuelewa akienda kwa wa bei rahisi.

Ukienda, mwambie mwalimu siku ya kwanza kabisa kwamba unaogopa askari, asipokuuliza we sema, ili akupangie hayo mazoezi ya kusimamishwa maana kwa wengine huwa anayafanya mara chache tu. Omba vipindi vya asubuhi mapema, gari likiwa halijachemka. Wanapokea malipo kwa awamu mbili, na risiti idai pale pale ofisini kabla hujatoka.